Jibu Alilolikata Kasuku

Kikosini walimwita Kasuku kwa sababu ukimwambia jambo alilirudisha vilevile, halipungui wala haliongezeki. Ndiyo maana aliwekwa kwenye gari la deraya la kamanda, hedifoni masikioni, apokee taarifa za wapelelezi waliotangulia mbele ya vifaru. Mkuu wa wapelelezi hao alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mtu asiyeweza kueleza jambo nusunusu.

Asubuhi hiyo vifaru vilikuwa nyuma ya kilima, injini zikinguruma, na ndani ya deraya joto lilikuwa la kumwivisha mtu. Shemeji akaita redioni.

"Naona watu bondeni. Wamebeba vitu virefu mabegani. Sijajua ni askari au raia. Nipe muda nisogee."

Kamanda, aliyekuwa akisukumwa na makao makuu tangu alfajiri, akageuka. "Wanasemaje?"

"Wameona watu, afande. Wamebeba vitu virefu, lakini..."

"Sitaki hadithi. Adui yupo au hayupo?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba bado haijulikani. Lilimfika Kasuku kwenye ncha ya ulimi. Lakini mkubwa alishamkazia macho, naye hakutaka kuonekana mzito.

"Yupo, afande."

Kamanda akatoa amri, na kifaru cha mbele kikafyatua kombora. Hakikupata nafasi ya kufyatua la pili, maana shemeji alianza kupaza sauti redioni: "Simamisheni, ni raia! Simamisheni!"

Zilikuwa familia zinazohama, zimejitwika nguzo za nyumba zao. Mzee mmoja alikufa palepale. Kasuku alitumwa na machela. Binti wa marehemu hakulia. Alimtazama tu, akauliza, "Kwani hamkutuona?"

Kasuku aliinama akashika machela.

Jioni, hemani, kamanda alimgeuzia shemeji kibao. "Wewe ndiye uliyeripoti adui."

"Sikusema hivyo, afande. Muulize aliyepokea."

Wote wakamtazama Kasuku. Alitamani ardhi immeze.

"Alisema hajajua," akasema. "La adui nililisema mimi."

Kamanda naye alikuwa na sehemu yake katika jambo lile, ila hakuigusa.

Kasuku alivuliwa cheo, akapelekwa karakana kukwangua matope kwenye minyororo ya vifaru. Hilo alilibeba. Kilichomshinda ni siku dada yake alipomwalika chai. Shemeji, aliyekuwa na kila haki ya kumsema, alimsogezea sukari.

"Kunywa, shemeji, itapoa."

Afadhali angemzaba kofi.

"Mbona siku hizi umekuwa bubu?" dada aliuliza, akicheka kidogo.

Kasuku alibugia chai ya moto ikamchoma koo, akaaga kwamba anawahi kazini. Ilikuwa Jumapili, na wote watatu walijua karakana imefungwa. Hakuna aliyemzuia. Alipita uchochoro wa nyuma, asije akakutana na mtu wa kumsalimia.