Laptop ya Mwaitu iligoma ku-compile kila baada ya radi

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Hii imenipata mwezi huu nikiwa likizo nyumbani Mbumbuni, Makueni, na nitaieleza vile ilivyokuwa, hata pale ambapo sikuonekana mjanja.

Kwanza mjue wahusika. Mimi nafundisha kompyuta Migwani, Kitui. Nimeoa huko na nimekaa huko miaka. Mama yangu, Mwaitu kama tunavyoita mama kwa Kikamba, yuko Mbumbuni. Presha ya macho ilimnyang'anya macho polepole, mpaka sasa haoni hata herufi kubwa.

Shida yake si kutembea. Boma analijua, kuku anawajua kwa sauti.

Shida ni kusoma. Kina mama wa kanisani hukutana kila Alhamisi, na kila mmoja ana zamu ya kuongoza somo. Zamu yake ya mwisho alisomewa na jirani, na hakupenda. Aliniambia, "Nimechoka kusomewa na mtu ameacha sufuria kwa moto."

Alhamisi iliyokuwa inakuja ilikuwa zamu yake tena. Akasema kama hawezi kujisomea, ataomba waruke jina lake.

Basi nikamletea laptop yangu kuukuu yenye Linux, nikaweka programu ya bure inayosoma maandishi kwa sauti. Ilikuwa na lugha nyingi, lakini Kikamba haikuwemo. Nikaandika humo somo lake la Kikamba, likasomwa kwa matamshi ya Kizungu. Mwaitu alicheka akashika mbavu.

"Na huyu atanisaidia aje?"

Nikapakua source code, yale maandishi yanayoiunda programu, nikaandika kanuni za matamshi ya Kikamba kwenye faili moja, nika-compile, yaani nikaijenga upya. Siku ya kwanza ilikubali. Maneno mengi yalikaa sawa, yakabaki machache.

Siku iliyofuata mvua ikanyesha mchana. Ilipoisha nikarekebisha yale machache, nikaandika make. Ikajibu kwamba hakuna cha kufanya. Nikafikiri imeshamaliza, nikamwita asikilize.

"Umerekebisha nini? Huyu ni yule wa jana."

Nikafungua faili. Marekebisho yapo. Nika-save tena, make tena. Hakuna cha kufanya.

Kwa wasiojua, make ni amri inayojenga programu. Huangalia tarehe za mafaili, na kilichobadilika karibuni ndicho hujenga upya. Lishikeni hilo.

Nikaona bora nianze upya. Nikaweka faili langu kando, nikafungua kifurushi kizima mwanzo. Sasa hata configure, hatua ya kwanza kabisa, ikakataa. Ilisema faili jipya lililotengenezwa ni la zamani kuliko yaliyokuja na programu, kwa hivyo nikague saa ya kompyuta.

Nikaangalia kona ya skrini. Laptop iliamini tuko mwaka ambao mimi nilikuwa bado navaa sare ya shule.

Ndipo nikaelewa. Marekebisho yangu yalipewa tarehe ya zamani kuliko kosa lenyewe. Make ikaona nimeleta kitu kilichopitwa na wakati.

Lakini jana saa ilikuwa sawa. Nani aliirudisha nyuma?

Betri ya hiyo laptop ilikufa zamani, hutegemea waya tu. Kumbe hata ile betri ndogo ya ndani, mfano wa sarafu, inayotunza saa, nayo ilikuwa imekufa. Ukichomoa waya inasahau tarehe mpaka ipate intaneti. Siku ya kwanza nilikuwa na bundles za intaneti. Baada ya mvua nilikuwa nazibania.

Na waya nilijua umechomolewa na nani. Kwetu radi ikianza hakuna kitu hubaki kwa soketi, na kioo hufunikwa leso. Mwaitu husikia ngurumo kabla yetu sote.

Nikamwuliza. Hata hakugeuka.

"Nilichomoa. Ulitaka radi isome Kikamba kabla yangu?"



Ningeweka tarehe kwa mkono, lakini nikirudi Migwani nani angemwekea? Nikaenda sokoni Tawa kwa fundi wa saa, nikapata betri ya sarafu, nikafungua laptop nikabadilisha. Nikaiweka tarehe, ikakaa. Configure ikapita, nikarudisha faili langu, make ikaanza kumwaga mistari, na safari hii maneno yalisikika mapya.

Jumatano radi ikapiga, Mwaitu akachomoa waya kama kawaida yake. Nilipowasha, ilikuwa bado Jumatano. Akajifungia chumbani na earphones, akasikiliza somo lote peke yake, sehemu nyingine akarudia.

Alhamisi aliongoza, kina mama wamejaa sebuleni kwake. Mimi nilikuwa nje ya dirisha najifanya napanga kuni. Alikuwa anawauliza kina mama maswali ambayo wenye macho walishindwa kujibu.

Nilichojifunza ni kwamba kabla ya kulaumu code, angalia saa. Na usichunguze terminal, ile skrini ya amri, peke yake, chunguza pia nyumba ambamo kompyuta inakaa.

Aliyewahi kuzungushwa hivi na tarehe aseme hapa chini. Watu wa Makueni pia mnaruhusiwa kulalamika, kwa sababu zile kanuni nilizipima kwa sikio langu la Migwani. Mwaitu aliligundua mara moja. Alisema huyu wa laptop anavuta maneno kama watu wa Kitui.

Nikamwambia nitarekebisha.

"Acha," akasema. "Hata mke wako alikuja akiongea hivyo. Tulimzoea."