Sauti Iliyobaki Kwenye Mikindu

Haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu haya mawili, na mjukuu wangu wa kike, Riziki, atayasoma kabla hayajatoka nyumbani. Akikuta uongo ataukata. Mimi sikusoma sana, nilifika darasa la tatu nikatolewa. Lakini walionizoea hapa Msambweni watakuambia kwamba hata utani siuwezi, sembuse uongo.

Huku kwetu kuna chama cha vijana wapenda viumbe na misitu. Wamo wa Gazi, wamo wa Ukunda, na wamo watoto wa wabara walioletwa na kazi za hoteli. Kiongozi wao ni Mwalimu Kioko, Mkamba, mtu mpole, anayejua jina la kila ndege. Mwaka wao una mpango kama mwaka wa mkulima. Januari wanahesabu ndege wa ufuoni maji yakiwa yamekupwa. Masika wanapanda mikoko. Kusi ikivuma wanaokota plastiki. Na mvua zikishapungua, maji yakiwa bado yamesimama, wanaingia msitu wa kinamasi kutazama vyura na vipepeo. Riziki ndiye karani wao.

Kinamasi hicho nakijua. Humo ndimo ninamokata ukindu wa kusukia mikeka tangu niolewe. Basi mwaka ule Mwalimu akaja nyumbani, akanipa shikamoo, akaniomba niwatangulie, maana njia zilikuwa zimemezwa na maji. Nikakubali.

Sasa sikiliza. Sisi wakata ukindu tuna mwiko mmoja. Ndani ya kinamasi mtu haitwi kwa jina. Ukimtafuta mwenzako, unagonga shina kwa mpini wa panga mara mbili, naye anakujibu mara mbili. Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo, hakunieleza sababu, wala mimi sikuuliza. Wale vijana nao wana desturi yao. Kila wanaposimama, karani huita majina kutoka daftarini, kila mmoja aitike "Nipo", ili asipotee mtu. Karani mwenyewe hajiiti, hujitia alama tu.

Nilijua. Naliandika hili ili usinihurumie. Riziki alipofungua daftari pale ukingoni, nilifungua mdomo niseme. Lakini jana yake alikuwa ameniomba, kwa adabu, nisianze habari za mizimu mbele ya wenzake. Na kijana mmoja wa Ukunda, Brayo wanamwita, alikuwa ameshaniita shosho, neno lao la bara la kumwita bibi kizee, akaniuliza kama chatu wa humo ndani ni wajomba zangu. Wakacheka. Mimi si shosho wa mtu. Nikaona nikisema watazidi kucheka, nikanyamaza.

Wajua sauti ya Riziki ilivyokuwa? Mtaani kwetu Maulidi yalikuwa hayafunguliwi mpaka yeye asome kaswida. Kwa sauti hiyo akaita majina ukingoni. Akaita tena penye gogo lililoanguka. Akaita mara ya tatu katikati, maji yakiwa yametufika mapajani, na msitu mzima ukanyamaza kumsikiliza. Vyura nao wakanyamaza. Hilo nililiona mimi peke yangu, maana wao walikuwa wanaandika.

Wengi hudhani mambo haya ni ya usiku. Ilikuwa adhuhuri imeingia, jua linapenya kwenye makuti. Tumesimama duara, Mwalimu anatuonyesha chura mdogo kama ukucha. Ndipo tukasikia mbele yetu, ndani ya mikindu:

"Juma."

Juma akageuka kumtazama Riziki. Sote tukamtazama. Riziki alikuwa kando yangu, mdomo ameufumba, kalamu mkononi. Lakini sauti ilikuwa yake.

"Faith." Kimya kidogo, kama karani anavyongoja. "Mwanamvua."

Mpangilio ule ule wa daftari. Nikawaambia kwa sauti ya chini asiitike mtu. Hakuna aliyecheka. Jina la Brayo lilipofika, alinishika pindo la leso kama mtoto mdogo, akaling'ang'ania mpaka mwisho.

Makuti yakaachana, tukamwona. Msichana, ametupa mgongo, amevaa fulana ya kijani ya chama, mkono ameukunja kama aliyebeba daftari. Sisi tumelowa mpaka kiunoni. Fulana yake ilikuwa kavu, na maji yaliyomzunguka hayakuwa na hata kiwimbi.

Majina yakaisha. Akaita moja zaidi.

"Riziki."

Niamini, jina hilo halikuwa limeitwa na mtu yeyote humo ndani siku ile. Baadaye Mwalimu alijaribu kusema ni mwangwi. Nikamuuliza, mwangwi huita jina ambalo halijaitwa?

Riziki akavuta pumzi aitike. Niliona kifua kinapanda. Nikamziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka meno yake yakanichubua. Yule akangoja. Akaita mara ya pili, kwa upole, kama mtu anayemwamsha mtoto. Akaita ya tatu. Sikuwa na jingine la kufanya, nikagonga shina kwa mpini wa panga mara mbili. Kule mbele kukagongwa mara mbili. Kisha makuti yakafungana. Tangu hapo najiuliza, miaka yote ile nikikata ukindu, ni nani aliyekuwa akinijibu?

Tulitoka tumeshikana mikono. Ukingoni Mwalimu akatugusa bega mmoja mmoja. Tulikuwa kamili. Riziki akanigeukia, akafungua mdomo aniambie jambo. Ikatoka pumzi tupu.

Huu mwaka wa tatu. Hospitali wametazama koo, wanasema ni zima. Masheikh wamemsomea. Sauti haikurudi. Chama kinaendelea na kazi zake, mikoko inapandwa, na kinamasini wanaingia wameshika kamba moja, hakuna jina linalotajwa. Riziki bado ni karani, kazi yake yote ni kuandika. Mwalimu alikuja kuniomba msamaha. Nikamwambia, wewe hukujua, mwanangu, mimi nilijua.

Usiku nakiangalia kiganja hiki. Sijui kama kilimwokoa, au ndicho kilichoifungia sauti nje. Nilimuuliza mwenyewe. Akachukua kalamu akaandika: "Ungeniambia tu, Bibi. Ningelifunga daftari."

Basi wewe mzee mwenzangu, kama unaujua mwiko wa mahali, useme, wacheke wakitaka. Nawe kijana, uliza kabla hujatia mguu majini. Na ukipita kando ya mikindu ile ukasikia msichana anakuita kwa jina lako, kwa sauti nzuri, usiitike, shika njia yako. Lakini usimtupie jiwe, wala usimtukane. Sauti ile ni ya mjukuu wangu.