Jina la Mnunuzi

"Tak!" Sauti hiyo moja tu usiku, mwalimu mmoja alimweleza mhudumu, na kipakatalishi chake kikazima kisiwake tena. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, katika duka la vifaa vya umeme hapa Malindi. Alama za wanafunzi wake za muhula mzima zilikuwa humo, na dhamana ilikuwa inaisha siku hiyo hiyo.

Alitoa risiti. Joto letu lilikuwa limeufuta wino wote.

"Basi tutafute kwa jina," mhudumu akasema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Nani alinunua?"

"Babamkwe. Marehemu."

"Jina lake?"

"Ni babake mume wangu."

"Mama, kompyuta haijui ukwe."

Watu wakacheka. Kwa wasiojua: kwao mwalimu huyu, mke halitamki jina la babamkwe, hata akishazikwa. Mwana wa kwanza wa mwalimu amerithi jina hilo, na mamake tangu amzae humwita "Baba" tu.

"Liandike, basi."

"Kuandika si ni kulitaja?"

"Tunafunga saa kumi na moja. Kesho utalipia."

Nimeisoma dhamana yenyewe ikiwa imebandikwa ukutani. Inataja yasiyolipiwa: maji, chumvi, umeme na kuanguka. Heshima haimo, na bila shaka aliyeiandika hakuwahi kubanwa nayo.

Mwalimu akavuta leso hadi mdomoni, akageukia ukuta, akanong'ona.

"Sisikii, mama. Rudia."

Akarudia kwa sauti, duka zima tukalisikia. Mimi siliandiki hapa.