Shapo ya Moshi ya Mama Godelieve

Miaka ile ukipita sokoni katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, hukuhitaji kuuliza fundi wa bati anakaa wapi. Ulifuata kelele. Tangu asubuhi Bonaventure alikuwa akigonga taa za koroboi, beseni, faneli za mafuta na masanduku ya wanafunzi. Serikali ilipoamuru watu waache majina ya Kizungu, kitambulisho chake kiliandikwa Wilondja; akakitia mfukoni na kuendelea kuitika Bonaventure. Kazi yake ilikuwa safi naye alijua hivyo. Unyenyekevu hakujaliwa, na mimi simlaumu.

Mtu mmoja tu alimkosesha raha: mama mkwe wake, Mama Godelieve, mpishi mkuu wa bweni la wasichana kwa masista. Siku ya posa alisema, wote wakisikia, kwamba binti yake Suzanne alistahili mwenye shamba kule Lubondja au mwenye mtumbwi, si mtu wa kugonga makopo. Miaka tisa ilikwisha kupita, watoto wanne wamezaliwa, na maneno yale bado yalimkaa Bonaventure kooni. Alitaka mama yule akiri, hata mara moja, kwamba alimwoza binti yake kwa fundi.

Nafasi ikaja kwa meli. Masista walikuwa wakilijenga upya jiko lao: meko mapya ya matofali, sakafu ya saruji, na kofia kubwa ya chuma cheupe kisichoshika kutu, ya kutundikwa juu ya moto ili ikusanye moshi na kuutoa nje kwa bomba. Ilitoka kwa ndugu zao Ulaya, na wafanyakazi wa jikoni wakaibatiza shapo. Sista Marie, mkubwa wa nyumba ile, alitaka kumwita fundi kutoka Bukavu. Bonaventure akamwambia asijisumbue, akalisema hilo mbele ya wafanyakazi wote, tena kwa sauti.

Sasa, kwa watu wa kule mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini kumpisha mwenzake. Kwa hiyo Bonaventure alifanya kazi jikoni Mama Godelieve akiwa ametoka, na mama akirudi, yeye alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Siku tano walipishana hivyo. Na kwa kuwa hakuweza kumtazama mpishi akipika, aliitundika shapo kwa kipimo cha karatasi iliyokuja nayo. Akaifunga barabara, akaing'arisha kwa majivu mpaka ukaweza kuhesabu meno yako ndani yake.

Siku ya kuwasha moto alisimama nje, nyuma ya ukuta, akitega sikio. Moshi ulipanda bombani bila kubisha na wasichana wakapiga makofi. Kisha ukafika wakati wa bugali. Bugali ya wasichana tisini haisongwi kwa kijiko. Mwiko wa Mama Godelieve ulikuwa na urefu wa kasia, naye aliusukuma kwa mabega na kiuno. Aliposonga mara ya kwanza, mpini ukagonga ukingo wa shapo, ngaa! Mara ya pili, ngaa tena. Mara ya tatu akauweka chini.

“Hii kitu iko muzuri,” akasema, “lakini inakataza bugali.”

Jiko zima likacheka. Kule nje masikio ya Bonaventure yaliwaka. Karatasi ile ilimpima mpishi wa Ulaya mwenye sufuria ndogo. Na yeye, mla bugali tangu kuota meno, hakuukumbuka mwiko. Aliona aibu, aibu kweli kweli. Sista Marie akasema kwa upole kwamba labda sasa yeye amwandikie yule fundi wa Bukavu. Bonaventure akaomba siku mbili.

Kumpima mama mkwe asingeweza, na kumwuliza pia asingeweza. Akamtuma Suzanne na kamba na chaki. Mama akasonga, binti akatia alama mahali ncha ya mpini ilipofika na kuvitaja vipimo dirishani, na Bonaventure, amekaa nje ameupa ukuta mgongo, akaviandika kwenye kipande cha bati. Suzanne alimwambia baadaye kwamba mama alisonga polepole kuliko kawaida ili kamba ipate kufika.

Bonaventure alijaribu kwanza kuipandisha shapo. Moshi ukamwagikia pembeni. Haikubaki njia ila kuikata mbele. Sista Marie aliposikia alishika msalaba wake. Zawadi ya watu, imevuka bahari, je, ikiharibika?

“Nikiiharibisha, Masera, itana ule wa Bukavu,” Bonaventure akajibu. “Mi mwenyewe nitamubebea sanduku.”

Mkasi wa bati haukuuma chuma kile hata kidogo. Akachukua tindo na nyundo, akakila kidogo kidogo kutwa nzima, tindo mbili zikaisha makali. Alikata upenyo wa umbo la mwezi mchanga kwenye ukingo wa mbele, akaukunja mdomo wake usije ukamchana mtu mkono, akaupiga tupa mpaka ukawa laini. Pembeni aliacha kama palivyokuwa, paendelee kuushika moshi. Kesho yake mwiko ulipita bila kugusa kitu.

Wiki ile ile akaja mkaguzi wa shule kutoka Uvira, Bwana Henri. Alisimama jikoni akiisifu shapo, akamwuliza Sista Marie ni fundi gani wa Bukavu aliyebuni upenyo ule. Bonaventure alikuwa nje akikaza bomba. Sista hajafungua kinywa, Mama Godelieve, ambaye hakuwa na kawaida ya kusema mbele ya wageni, akaacha kusonga.

“Hakutoka Bukavu,” akasema. “Ni mukwe yangu, bwana ya Suzanne. Hii chuma aliikatia hapa hapa Baraka. Ni fundi, na mi ndiye nilimupatia mutoto yangu.”

Bonaventure alisikia kila neno. Kuingia akamshukuru isingewezekana, heshima haikuruhusu. Akainua nyundo, akaligonga mara tatu bomba ambalo halikuhitaji tena kugongwa, ili mama mkwe ajue kwamba yupo pale na amesikia.