Uso Wangu Ulivyonitangulia Ukweni

Siku niliyopeleka mbuzi wa ntheo ukweni, nilikuta uso wangu umefika kabla yangu.

Na ulikuwa unauza dawa ya nguvu za kiume.

Usicheke bado.

Naitwa Kiilu, fundi wa pikipiki hapa Matinyani, Kitui. Mchumba wangu Mbithe ni wa kule Makueni. Kwetu Ukambani, bila mbuzi wa ntheo hujaoa, hata mkae pamoja mpaka mzeeke. Mbuzi wakikataliwa, Mbithe nimemkosa.

Wazee walikuwa wameketi, mbuzi wamefungwa nje. Mama mkwe alikuwa jikoni, kwa sababu kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Ni heshima.

Mara sauti ikatoka huko jikoni.

"Hao mbuzi warudi Kitui! Mimi siwezi peana msichana kwa mtu wa matangazo chafu!"

Simu yake ikaletwa, ikapita mkono kwa mkono mpaka kwangu.

Woi! Ni mimi kabisa. Nimevaa koti jeupe la daktari, natabasamu, naongea Kiswahili sanifu ambacho sijawahi kukiongea tangu nizaliwe.

"Huyu si mimi," nikasema.

"Na hiyo kovu ya kidevu ni ya nani?" akauliza baba mkwe, mzee Kimeu.

Kovu lilikuwa langu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo nikakumbuka siku moja kwenye mji wa Kiboko. Nilikuwa nimeenda kununua mbegu za ndengu, nikakuta vijana wa kampuni fulani na hema kando ya barabara. Ukiangalia kamera, ugeuke kushoto, ugeuke kulia, ucheke kidogo, unapewa mwavuli. Mwavuli, na kiangazi kile! Kwenye simu yao kulikuwa na maandishi marefu kama foleni ya maji. Nikabonyeza "Nakubali", nikafungua mwavuli wangu, nikaenda zangu.

Niliwaeleza wazee hayo yote.

"Basi uliza hiyo kampuni saa hii, tukiona," mzee Kimeu akaamuru.

Nikaandika. Jibu likaja papo hapo, na lilikuwa la roboti. Eti kampuni imesajiliwa nchi moja, kompyuta ziko nchi nyingine, na waliotengeneza tangazo wako nchi ya tatu. Eti sheria ya Kenya inanipa haki ya kuomba uso wangu ufutwe.

Ila kwanza, wathibitishe ni mimi. Tafadhali angalia kamera, geuka kushoto, geuka kulia.

Wazee wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi sikucheka. Niliumia, wacha nikwambie. Uso wangu unazunguka dunia bila pasipoti, na mimi mwenyewe nashindwa kuingia boma moja Makueni.

Hapo ndipo mjomba wangu Kitonga, aliyekuja kunisemea, akakohoa kidogo.

"Mama Mbithe, kwa heshima. Wewe na huyu kijana hamuangaliani. Sasa huo uso wake uliujua aje?"

Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka.

"Ni picha tu Mbithe alinitumia kwa simu," sauti ikajibu, imepungua makali.

Mbithe, aliyekuwa akigawa chai, akaichukua ile simu ya mama yake. Akaiangalia, akasogeza kidole, kisha akaziba mdomo.

"Mwaitu, mama yangu, hii matangazo hufuata mtu mwenye ametafuta hiyo dawa. Na hapa wameandika, 'Asante mama, oda yako iko njiani.'"

Wee! Hata mbuzi nje waliacha kulia.

Macho yote yakamgeukia mzee Kimeu. Mzee naye akaangalia paa, akaangalia viatu vyake, akasimama.

"Hao mbuzi waingizwe kwa boma," akasema. "Na hiyo simu izimwe. Hiyo maneno imeisha."

Ndivyo nilivyompata Mbithe.

Malalamiko yangu nimeyapeleka Nairobi, kwenye ofisi ya mambo ya data. Walinisikiliza vizuri. Lakini kampuni iko ng'ambo, na kompyuta ziko ng'ambo ya hiyo ng'ambo. Juzi binamu yangu Nzau, anayefanya kazi Qatar, alinipigia akicheka. Huko natibu upara, kwa Kiarabu.

Kwa hivyo ndugu yangu, kabla hujabonyeza "Nakubali", uliza uso unaenda wapi na nani ataurudisha. Sheria ziko, lakini kila moja inaishia mpakani, na uso wako umeshavuka.

Na ule mwavuli? Nilimpa mama mkwe. Tukikutana njiani, anaufungua, anaficha uso, anapita. Heshima imerudi.