Hakimu Mwenye Sura ya Jikoni

Kikundi kile cha maigizo kilikuwa na ukumbi mmoja, choo kimoja kibovu, na mwanamke mmoja aliyeogopwa na waigizaji wote. Walimwita Mama Asante. Si kwamba alikuwa mtu wa shukrani, jamani, la! Kazi yake ilikuwa kuchagua nani aigize nani, na mtu aliyekuja kujaribiwa, akisoma sentensi moja tu asimpendeze, alikatwa hapo hapo: "Asante." Neno lenyewe tamu, lakini chumbani mle lilimaanisha chukua mkoba wako, mlango ule.

Huyo ndiye aliyekabidhiwa Kitinda awe mwanagenzi wake. Kitinda alikuwa kitindamimba kwao, binti mwenye mdomo mwepesi na shingo ngumu. Alikuja kujifunza kuongoza michezo, akapewa kufungua mlango na kusoma maneno ya upande wa pili, ili anayejaribiwa apate wa kujibizana naye. Dada yake alimcheka mpaka akashika mbavu: "Shule yote ile, mdogo wangu, ukawe bawabu?"

Lakini alijifunza. Mama Asante aliijua kazi yake, tusimnyime haki yake. "Usimtazame mtu akisoma," alimwambia. "Mtazame wakati wewe unasoma. Kama anangoja zamu yake tu, huyo kasuku." Siku nyingine alimwambia, "Mtazamaji hana muda. Mtu akitokea jukwaani, lazima ajulikane ni nani kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana mimi natafuta sura."

Hapo ndipo Kitinda alipoanza kuwashwa. Kwa Mama Asante kulikuwa na sura ya bwana harusi, sura ya mwizi, sura ya tajiri. Na kulikuwa na sura ya jikoni, ambayo ilikuwa ya Sinia.

Sinia alikuwa mwigizaji wa siku nyingi pale, mama wa makamo, mfupi, mweusi tii, mwenye viganja vipana. Tangu ajiunge hakuwahi kuingia jukwaani mikono mitupu. "Chai tayari, bwana," kisha huyo, ametoka. Ndipo akabandikwa jina hilo, na yeye mwenyewe alilicheka kuliko wote, mbele za watu.

Kukaja mchezo mpya wenye hakimu mwanamke. Asubuhi moja Kitinda aliingia chumba cha mavazi, akasikia mtu nyuma ya magauni anamhukumu mtu kifungo. Akafunua. Sinia!

"Mama, unafanya nini huku?"

"Nafua," alisema Sinia, na wote wawili wakaangua kicheko. Kisha mama yule akaacha kucheka. "Mwanangu, kabla magoti hayajaniishia, nataka nikae kwenye kiti jukwaani. Mara moja tu. Mimi nikae, wengine wasimame."

"Basi njoo ujaribiwe."

"Nitaambiwa asante hata kabla sijapumua."

"Njoo tu."

Akaja, na blauzi iliyopigwa pasi ikapigika. Mama Asante alimtazama juu ya miwani. "Sinia? Kwa mhudumu hakuna usaili, nafasi ni yako."

"Nimekuja kwa hakimu."

Kitinda, aliyeshika maneno ya mshtakiwa, akajikohoza kumpa ishara. Sinia akainua kichwa. "Simama. Nani alikupa ruhusa ya—"

"Asante," akasema Mama Asante.

Na hapo adabu za nyumbani zikamponyoka Kitinda. Mtoto aliyelelewa vizuri, akisikia asante, anajibu nini? Likatoka lenyewe: "Karibu."

Sinia alikuwa ameshainama kuokota mkoba. Akainuka polepole. Akausukuma mkoba kwa mguu, akapiga hatua mpaka mbele ya meza. "Nimekaribia," alisema, kwa sauti ambayo chumba kile hakijawahi kuisikia. "Sasa niambie. Nani alikupa ruhusa ya kukaa?"

"Nimesema asante!" Mama Asante aligonga meza. "Yaani basi!"

Lile la kwanza lilikuwa kosa, tukubali. Hili la pili halikuwa kosa. Kitinda alimtazama bosi wake usoni, akafungua ukurasa, akaendelea kusoma: "Mheshimiwa, nilikaa kwa sababu hakuna aliyeniuliza kama nimechoka."

Sinia alimsikiliza kwanza, kama mtu anayepima kama anadanganywa, ndipo akajibu. Wakasoma mpaka mwisho, na Mama Asante akaiweka kalamu yake mezani.

Walipobaki wawili alimwambia Kitinda, "Kesho unaniomba radhi, au usiingie humu."

Jioni, wakiosha vyombo, mama yake Kitinda alimsihi. "Omba tu, mwanangu. Utapungukiwa nini?"

"Niombe kwa kosa gani, mama?"

"Kosa la nini tena? Mdogo anaomba kwa sababu ni mdogo."

"Basi leo nimekua."

Kesho yake Mama Asante alikuwa anamngoja mlangoni. "Umekuja kuomba radhi?"

"Shikamoo. Nimekuja kazini."

"Marahaba. Kazi yako iko kule juu, kwenye taa za jukwaa. Humu huingii." Akageuka, kisha akasema bila kumtazama, "Yule mama nimempeleka kwa mwongozaji. Usidhani ni kwa ajili yako. Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Kitinda akapanda ngazi kwenda kwenye taa, kichwa juu, kama aliyepandishwa cheo.

Mwongozaji akamchukua Sinia. Siku ya kwanza ya maonyesho aliingia amevaa joho, mikono mitupu, akakaa. Watu waliomzoea wakaanza kucheka, mmoja akapaza sauti, "Chai iko wapi?" Sinia hakuharakisha. Aliwatazama mstari kwa mstari mpaka kicheko kikawakaukia mdomoni. Ndipo akasema, "Simama."

Mshtakiwa alisimama, na huko nyuma, nasikia, mtazamaji mmoja naye alisimama, akakaa upesi kwa aibu.

Kule juu kwenye taa, Mama Asante alikuwa amepanda akihema. "Mwanga wa hakimu umezidi," alinong'ona.

"Ndiyo, umezidi," alijibu Kitinda, na hakuupunguza.