Mkono wa Mjumbe wa Cheo

Nusu ya Mingoyo ilipokewa duniani na mikono ya Mwahija binti Tawakali. Alifundishwa ukunga na bibi yake, na kila aliyejifungua salama alimletea kuku. Mwaka 1954 serikali ikamleta Agnes, mkunga wa cheti kutoka misheni, na viatu vyake vyeupe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwahija hakupona, roho ilimuuma kila alipoviona viatu vile vikipita mlangoni kwake.

Ilipoundwa kamati ya kina mama ya kujenga nyumba ya kujifungulia, tulichaguliwa sita kwa kura. Mwahija alipata nyingi kuliko sote. Agnes hakupigiwa hata moja. Barua ya bwana shauri, mzungu mkuu wa wilaya, ilisema tu kwamba mkunga wa serikali ni mjumbe kwa cheo chake.

"Cheo!" Mwahija alifoka kikaoni. "Mie nimezunguka nyumba kwa nyumba kuomba kura, yeye kaletwa na barua! Akae, aseme, lakini mkono asinyooshe."

Bibi Biasha, mwenyekiti wetu, alisema mjumbe ni mjumbe. Hatukumsikiliza. Mimi nilikuwa wa kwanza kumuunga mkono Mwahija, na sifichi sababu: mume wangu alikuwa akimsifu Agnes mno. Kanuni ikapita. Agnes mwenyewe ndiye aliyeiandika daftarini, maana hati yake ilikuwa nzuri kuliko zetu. Hilo nalo lilituudhi.

Mwezi uliofuata tukaamua mahali pa kujenga. Bibi Biasha alitaka njia panda, karibu na maduka. Mwahija alitaka ng'ambo ya mto, alikoolewa binti yake Kazija. Masika mto ule haupitiki. Masika iliyopita Kazija alishikwa na uchungu mto umejaa, mama yake amesimama upande wa huku akilia, na mtoto hakuishi. Sasa alikuwa na mimba nyingine.

Tulinyoosha watatu kwa watatu. Ndipo mkono wa Agnes ukainuka, upande wetu sisi wa ng'ambo! Ulifika usawa wa bega, ukasimama.

"Nisameheni, mama zangu," akasema. "Nilisahau." Akaushusha, akaandika hesabu ya kura.

"Mwacheni anyooshe," Mwahija akasema.

Bibi Biasha akalifunua daftari, akatusomea kanuni yetu polepole, kila neno. Kisha, kwa kuwa kura zililingana, akaamua yeye mwenyekiti. Njia panda.

Nilimsindikiza Mwahija kwa binti yake. Mto ulikuwa bado mdogo, tukavuka maji yakitufika magotini. Kazija alikuwa barazani, tumbo limeshajitokeza.

"Shikamoo, mama. Wamekubali?"

"Marahaba. Hawakukubali."

"Ni yule nesi, eti? Alikataa?"

Mwahija aliketi mkekani, akaitazama mikono yake.

"Hakukataa, mwanangu. Nilimkataza mimi."